Samaki Mkavu na Kinanda: Tahakiki ya Umri wa Kuanza Kujifunza Piano

Miongoni mwa maswali ambayo mwalimu huulizwa mara kwa mara na wazazi, limo hili: mtoto aanze lini? Aanze lini kusoma, aanze lini Kiingereza, na siku hizi, hata huku kwetu kando ya Ziwa Mweru, aanze lini kinanda. Swali hili lina mwenzake ambalo haliulizwi kwa sauti kubwa, kwa kuwa mwenye kuuliza huona haya: je, mimi niliye mtu mzima nimekwisha kuchelewa? Makala haya yananuia kuyatazama maswali hayo mawili kwa pamoja, na kuipima methali ambayo sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuitumia kuyajibu.

Kashikishi ni mji wa samaki katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, Zambia. Piano yenyewe, ile ya mbao na nyuzi za chuma, yenye vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, ni nadra sana katika pwani hii. Lakini kinanda cha umeme kimekwisha kuingia makanisani, na kwa kuwa vibao vyake vimepangwa sawasawa na vya piano, anayejifunza hiki amejifunza mpangilio wa ile. Taabu ni kwamba kinanda huwa kimoja na wenye kukitamani ni wengi. Palipo na chombo kimoja na watu wengi, hapana budi iwepo kanuni ya kuamua nani akikalie. Kanuni niliyoisikia mara nyingi ni ya umri: wafundishwe watoto, maana wakubwa wamekwisha kukauka. Na kanuni hiyo haisemwi kavu, huvishwa methali. Samaki mkunje angali mbichi.

Si jambo dogo. Nimemwona mama mmoja mwuza samaki, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, mwimbaji wa kwaya tangu usichana wake, akiomba kufundishwa, akajibiwa kwa methali hiyo, watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, kisha akaenda zake. Methali inapofunga mlango namna hiyo, inastahili kuhakikiwa.

Methali na samaki wake

Na tuanze na maneno yenyewe, kama tuwafundishavyo wanafunzi wetu kufanya. "Samaki mkunje angali mbichi" ni sentensi ya amri. Anayeamriwa ni mkunjaji, yaani mzazi, mlezi, mwalimu. Samaki ni mtendwa. Hana kauli, hana nia, wala haulizwi kama anapenda kukunjwa. Methali hii imetungwa kwa ajili ya malezi: adabu, tabia, heshima, mambo ambayo mtoto hutiwa kabla hajajua kuyaomba. Jamaa yake, "Udongo upate ungali maji", ina sura hiyo hiyo: mfinyanzi ana mikono, udongo hauna. Katika uwanja huo wa malezi methali hizi zina haki yake, nami sina ugomvi nazo.

Lakini mtu mzima ajaye kwa miguu yake kuomba somo si samaki wa methali. Yeye ndiye samaki na ndiye mkunjaji. Amejichukua mwenyewe mkononi. Kumjibu kwa methali iliyotungwa kwa ajili ya mtoto asiye na kauli ni kuitoa methali mahali pake, na kosa la kuitoa methali mahali pake ndilo tunalolikata alama katika madaftari ya wanafunzi.

Wabemba, ambao lugha yao ndiyo inayosikika zaidi katika mji huu, husema: "Imiti ikula e mpanga", yaani miti inayokua ndiyo msitu. Hiyo nayo huwatazama wadogo, lakini tazama tofauti: haisemi kwamba mti uliokwisha kukua hauna kazi. Na Waswahili wenyewe wanayo methali nyingine inayopingana na ile ya kwanza: elimu haina mwisho. Methali hupingana kwa kuwa kila moja ilizaliwa kwa tukio lake. Anayechagua moja na kuificha nyingine hajatoa hoja. Ametoa uamuzi alioufikia zamani.

Liko pia jambo ambalo mtu wa Kashikishi analijua kuliko mtu wa mjini. Sisi hula samaki mkavu. Dagaa wa ziwa hili, waitwao chisense, huanikwa juani, na samaki wakubwa hukaushwa kwa moshi. Ni kweli, samaki mkavu hakunjiki, ukimlazimisha, huvunjika. Lakini mtie majini, umwache kwa muda, umpike kwa moto wa taratibu: hulainika, na mchuzi wake una ladha ambayo mbichi hana. Zaidi ya hayo, mbichi huoza upesi, na mkavu husafirishwa hadi miji ya migodi ya Ukanda wa Shaba akafika salama. Kwa hiyo swali la mpishi mwenye akili si kama mkavu ni sawa na mbichi. Hawako sawa. Swali ni kama mpishi anajua kwamba kila mmoja una mapishi yake.

Haki ya methali

Tahakiki ya haki hutoa kwanza kile ambacho upande wa pili unastahili. Methali ina ukweli, na wataalamu wa ubongo wameupima. Mwaka 1995, Gottfried Schlaug na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa ubongo wa wapiga ala. Kati ya nusu mbili za ubongo kuna daraja la mishipa linalopeleka habari upande hadi upande, na kwa mpiga piano, ambaye mkono wa kulia na wa kushoto hufanya kazi mbalimbali kwa wakati mmoja, daraja hilo lina kazi kubwa. Walikuta kwamba sehemu ya mbele ya daraja hilo ni kubwa zaidi kwa wale walioanza kabla ya umri wa miaka 7. Mtu angeweza kusema: aliyeanza mapema amepiga kwa miaka mingi zaidi, na hiyo ndiyo sababu. Ndipo Virginia Penhune na wenzake huko Montreal wakawalinganisha watu wenye miaka sawa ya mafunzo, wengine walioanza kabla ya miaka 7 na wengine baadaye. Katika kwenda sawa na mapigo, walioanza mapema bado waliwazidi wenzao. Basi umri wa miaka 7 si hadithi ya bibi.

Kadhalika kuna kipaji cha kuitambua sauti kwa jina lake bila kupewa sauti nyingine ya kulinganishia. Anasikia kengele, anataja noti yake. Wengi wa wenye kipaji hicho walianza muziki wakiwa wadogo sana, na anayeanza ukubwani haelekei kukipata. Lakini tusikikuze kupita kiasi. Kwaya nzuri nyingi huimba bila mwimbaji hata mmoja mwenye kipaji hicho: kiongozi hutoa sauti ya mwanzo, wengine huipokea na kujenga juu yake.

Aliyeipa hoja ya utotoni nguvu kubwa kuliko wote ni Mjapani Shinichi Suzuki, aliyezaliwa mwaka 1898 na kufariki mwaka 1998. Suzuki alilitafakari jambo ambalo sisi walimu wa lugha tunalipita kila siku bila kulishangaa: watoto wote wa Japani husema Kijapani. Lugha ngumu namna ile, na hakuna mtoto anayeambiwa hana kipaji cha kuisema. Akauliza: kwa nini muziki usifundishwe kwa njia ya lugha ya mama? Mtoto asikie kwanza, aige, arudie, asifiwe, na kusoma noti kuje baadaye, kama vile kusoma herufi kunavyokuja baada ya kusema. Kwa njia hiyo aliwafundisha fidla watoto wa miaka mitatu na minne, na njia hiyo baadaye ikatumiwa katika piano na ala nyingine.

Hoja yake ni nzuri. Lakini msomaji makini hawezi kupita bila kuona kwamba Suzuki mwenyewe, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha fidla, hakuanza kujifunza kupiga ala hiyo mpaka alipokuwa kijana wa miaka kama 17. Mtume wa utotoni alikuwa mwanafunzi wa ujanani. Hilo haliibatilishi njia yake. Linatuonyesha tu kwamba kuchelewa hakukumzuia kuuelewa muziki kiasi cha kuwabadilisha walimu wa dunia nzima.

Walioanza wakubwa

Tusiende mbali. Mfano ulio bora umo katika kitabu ambacho wengi wetu tumekifundisha darasani: wasifu wa Siti binti Saad alioandika Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880. Alihamia mjini mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka kama 31, na huko ndiko alikokutana na Ali Muhsin, mtu wa chama cha taarab cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, akafundishwa uimbaji pamoja na nyimbo za Kiarabu. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikuwa karibu na miaka 50. Tunakifundisha kitabu hiki kama somo la utu na la kuushinda ufukara, na ni sawa. Lakini ni mara ngapi tumekifundisha kama kitabu cha elimu, chenye mwanafunzi aliyeanza somo lake akiwa na umri ambao sisi tungemwambia amekwisha kukauka?

Hata hivyo tusiutumie mfano huu kwa pupa. Siti hakuanza kutoka sifuri. Yasimuliwa kwamba tangu ujana wake alipokuwa akiuza vyungu, sauti yake ilitangulia kufika kabla ya vyungu vyake. Sikio na koo vilikuwa vimekwisha kufunzwa na maisha. Alichokipata mjini ni utaratibu, lugha na mahadhi. Hili ndilo jambo la kushika: mtu mzima haji mtupu. Anakuja na shehena, na mwalimu mwenye busara huikagua shehena hiyo kabla ya kuanza kufundisha.

Mfano wa pili unatoka Uganda. Mwaka 1959, Gerhard Kubik wa Vienna, aliyezaliwa mwaka 1934, alifika Kampala akajifunza amadinda, marimba ya vibao 12, kwa Evaristo Muyinda, mpiga ala wa baraza la Kabaka. Amadinda hupigwa na watu walioketi wakitazamana, kila mmoja na sehemu yake, na sehemu hizo huingiliana kama vidole vya mikono miwili. Anayeyatarajia mapigo ya nyumbani kwake hupotea. Kubik alikuwa na umri wa miaka 24 alipokuja kwa mwalimu wake. Katika mwaka uliofuata alikwisha kuchapa makala juu ya muundo wa muziki huo, na akaendelea kuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa muziki wa Afrika. Yeye naye hakuja mtupu; huko kwao alikuwa amepiga muziki wa jazi. Akili ya mtu mzima, inayoweza kuuliza "hili limeundwaje?", ndiyo iliyomfungulia mlango ambao mtoto wa Kiganda aliuingia kwa sikio.

Mfano wa tatu uko katika nchi iliyo ng'ambo ya ziwa letu, ingawa ni mbali na sisi, Kinshasa. Mwaka 1994, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege, alianzisha okestra ya Wakimbangu. Yeye na wengi wa wenziwe walijifunza ala zao wakiwa watu wazima, wengi bila mwalimu, na mwanzoni wapigaji walikuwa wengi kuliko fidla, ikawabidi wapokezane. Filamu juu yao ilionyeshwa mwaka 2010. Sidhani kwamba okestra hiyo ingezaliwa kama Diangienda angesubiri watoto wa miaka sita wakue.

Na wenye mvi? Mwaka 2007, Jennifer Bugos na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu wa umri kati ya miaka 60 na 85, waliofundishwa piano kwa muda wa miezi sita. Katika baadhi ya vipimo vya kumbukumbu na vya umakini, wanafunzi hao waliendelea kuliko wenzao ambao hawakufundishwa. Hawakuwa wapiga piano wa majukwaani, wala hilo silo walilolifuata.

Ushahidi wa sokoni

Mwalimu wa lugha ana ushahidi wake mwenyewe, wala hahitaji kuusafiria. Ng'ambo ya maji yetu iko Kongo, na Kiswahili cha Katanga huvuka pamoja na mitumbwi. Katika soko la Kashikishi yuko mama asiyepata kusoma Kiswahili hata siku moja, ambaye amejifunza kukisema akiwa na miaka thelathini au arobaini, kwa kuwa wateja wake wanatoka Kilwa na Pweto. Matamshi yake ni ya Kibemba. Viambishi vya ngeli anavirekebisha apendavyo. Lakini hesabu ya bei, ubora wa samaki, ahadi ya kulipa kesho na tahadhari ya kutodanganywa, yote anayasema na kueleweka.

Mtoto wake, anayecheza kando ya gunia, atakisema Kiswahili hicho kwa ulimi mwepesi kuliko mama. Hiyo ndiyo faida ya mbichi. Lakini ukimwuliza mtoto kwa nini neno fulani linasemwa hivi na si vile, hana jibu. Mama anaweza kukueleza, maana alilitafuta neno hilo kwa haja. Mtoto amepata sauti. Mama amepata sababu. Kinanda nacho kina mambo haya mawili. Kina wepesi wa vidole na usawa wa mapigo, ambavyo utoto huvipenda. Kina pia mpango: kwa nini sauti tatu hizi zikipigwa pamoja hupendeza, kwa nini wimbo ukikaribia mwisho besi hurudi nyumbani. Huo mpango mtu mzima huushika upesi, mara nyingi upesi kuliko mtoto.

Yasije yakadhaniwa kwamba napigia debe ule usemi wa siku hizi kwamba umri si kitu. Umri ni kitu. Mtu anayeanza akiwa na miaka 40 na kuahidiwa kwamba atapiga kama aliyeanza akiwa na miaka 6 anadanganywa, na siku atakapoutambua uongo huo atakiacha kinanda pamoja na mwalimu. Vilevile mtoto mdogo ana mipaka yake. Kutoka do hadi do ya juu ni sentimita 16 na nusu hivi kwenye piano ya kawaida. Mkono wa mtoto wa miaka sita haufiki. Hawezi kukaa nusu saa bila kuchoka, wala hajui bado kwa nini anafanya anayoyafanya. Kila umri unakuja na mkono mmoja mtupu na mwingine umejaa.

Kosa liko wapi

Ikiwa ni hivyo, kwa nini watu wazima wengi huanza na kuacha? Jibu langu ni kwamba hufundishwa kama watoto. Vitabu vingi vya kuanzia piano vimeandikwa kwa watoto: picha za bata na paka, nyimbo za kubembeleza, kidole kimoja kwa wiki nzima. Mtu mzima ambaye kwa miaka ishirini ameimba sauti ya nne katika kwaya, anayesoma do-re-mi ya solfa bila kigugumizi, huketishwa mbele ya wimbo wa bata. Wiki ya pili hatokei, nasi tunasema: mwaona, amekauka. Hakukauka. Tumemtia kwenye moto wa samaki mbichi, bila kumlowesha kwanza.

Na kosa la upande wa pili lipo vilevile. Watoto hufundishwa kama watu wazima: huanzishiwa majina ya noti, mistari mitano na kanuni, kabla hawajaimba wala kupiga makofi. Suzuki alionya juu ya hilo, nasi walimu wa lugha tunalijua: mtoto huambiwa ngeli ya M-WA kabla hajasimuliwa hadithi hata moja.

Jambo hili limekwisha kushughulikiwa katika historia ya Kiswahili, na ni ajabu kwamba tumelisahau. Mwaka 1964, Mwalimu Nyerere alipouwasilisha mpango wa kwanza wa miaka mitano, alieleza kwamba watu wazima waelimishwe kwanza, kwa sababu matunda ya elimu ya watoto katika uchumi yangechelewa kwa miaka mitano, kumi, hata ishirini. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na katika mradi wa kisomo ulioanza mwaka 1968 katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Viktoria, vitabu vya kuanzia havikuwa vya bata na paka: vilihusu pamba, ndizi, ufugaji na uvuvi. Mkulima alisoma herufi zake za kwanza katika jambo alilolijua kuliko mwalimu wake. Hekima hiyo haikuwa ya herufi peke yake. Kitabu cha kwanza cha kinanda kwa mwanakwaya wa Kashikishi kingekuwa wimbo anaouimba kila Jumapili: mkono wa kushoto upige ile besi anayoijua kwa kifua chake, mkono wa kulia usubiri zamu yake.

Kinanda kimoja, pwani moja

Sasa turudi kwenye kanuni ya kugawa kinanda. Wanaosema watoto peke yao wana hoja moja ambayo sijaijibu: muda ni mchache, basi tuutie pale utakapozaa zaidi. Ni hoja ya haki, lakini hesabu yake haijakamilika. Watoto wa pwani hii wanaofaulu huondoka. Huenda shule za bweni, huenda Mansa, huenda Ukanda wa Shaba, wengine hawarudi. Waliofundishwa kinanda kwa miaka mitatu hukipeleka kipaji chao mahali pengine, nasi tuwatakie heri. Lakini kinanda hubaki kimefunikwa kitambaa, na anayebaki kando yake ni yule mama mwuza samaki tuliyemcheka. Mahali ambapo watoto huondoka na wakubwa hubaki, kuwafundisha watoto peke yao ni kupanda mbegu zote katika shamba la jirani. Tena mtu mzima aliyejifunza huwa mwalimu wa karibu. Mtoto wa mama anayepiga kinanda atasikia kinanda kila siku, na huko kusikia ndiko Suzuki alikokutaka.

Kwa hiyo napendekeza zamu, si mlango wa kufunga. Watoto wapewe muda mfupi wa kila siku, dakika kumi au kumi na tano, waimbe na kupiga makofi kabla ya kugusa vibao. Vijana wapewe nyimbo wanazozipenda, hata kalindula, muziki uliochukua jina la ala yake ya besi na ambao mkoa wetu wa Luapula unajulikana kwao. Wapiga gitaa wake wengi hawakuulizwa na mtu walianza na miaka mingapi. Watu wazima wapewe kipindi kirefu mara moja au mbili kwa wiki, kianzie kwenye solfa na nyimbo wanazozijua, na waambiwe kweli tangu siku ya kwanza: mtapiga nyimbo za ibada, mtaongoza kwaya, vidole vyenu havitaruka kama vya mtoto, wala kazi yenu haihitaji viruke.

Wakati nao upo. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Ni miezi mitatu ambayo nyavu hukaa nchi kavu na mikono ya wavuvi haina kazi yake ya kila siku. Mkono unaofuma nyavu kwa sindano usiku, bila taa ya kutosha, si mkono mgumu. Ni mkono uliofunzwa kwa jambo jingine. Mahali pengine katika Afrika Mashariki mfano wa kuwachanganya wanafunzi wa umri mbalimbali umekwisha kuonekana: Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi huko Unguja, kilichofunguliwa mwaka 2002, kimewafundisha vijana na watu wazima ala za taarab pamoja na piano. Sisi hatuna chuo. Tuna kinanda kimoja na miezi mitatu.

Ndugu walimu, tahakiki hii haikuandikwa ili methali ifutwe katika vitabu vyetu. Tuendelee kuifundisha, lakini tuifundishe pamoja na swali lake: samaki huyu ni nani, na anayemkunja ni nani? Mwanafunzi wa miaka sita akija, tumpe sikio na mchezo. Wa miaka kumi na sita akija, tumpe nyimbo za rika lake. Wa miaka arobaini akija, iwe kwa piano, kwa herufi, au kwa Kiswahili chenyewe, tumwulize kwanza amekuja na nini, kisha tuanzie hapo. Na kabla ya kutamka mbele ya watu kwamba mtu fulani amekwisha kukauka, tukumbuke mwanamke wa Fumba aliyeingia mjini na miaka thelathini na moja, na mwalimu mmoja ambaye hakumjibu kwa methali.